Hatia, Dhima na Rangi: Mshtakiwa Mweusi katika Riwaya za Richard Wright na Ernest Gaines

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya zinazomsawiri mshtakiwa mweusi nchini Marekani aghalabu huelemea mojawapo ya pande mbili. Upande wa kwanza humwona mshtakiwa kuwa zao la mazingira yake: umaskini, mitaa iliyotengwa na shule duni ndivyo vilivyotenda, naye alikuwa mkono tu. Upande wa pili hushikilia kwamba dhuluma ya jamii, iwe kubwa kiasi gani, haimfutii mtu tendo lake. Kiswahili kina methali kwa kila upande. Wa kwanza husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wa pili hujibu kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mvutano huo umejengwa juu ya msingi usio imara. Ubaguzi wa rangi mahakamani hutenda madhara mawili kwa wakati mmoja. Humtwika mtu mweusi hatia isiyokuwa yake, na papo hapo humvua dhima iliyo yake. Ikiwa hivyo ndivyo, basi utetezi unaomwondolea mshtakiwa dhima yote haumkomboi. Hukamilisha kazi aliyoianza mbaguzi, kwani wote wawili humnyima nafasi ya kuhesabiwa kuwa mtu anayetenda. Hoja hii itachunguzwa katika riwaya mbili: Native Son ya Richard Wright (1940) na A Lesson Before Dying ya Ernest Gaines (1993).

Ni vyema kuyatenganisha maneno mawili ambayo hutumiwa kana kwamba ni pacha. Hatia, kwa maana ya makala haya, ni tamko: hutolewa na mahakama, na mahakama yaweza kukosea. Dhima ni mzigo ambao mtendaji anaujua kuwa ni wake, mahakama itamke isitamke. Mtu aweza kubebeshwa hatia hali hana dhima, na aweza kuwa na dhima ambayo hakuna mahakama iliyowahi kuitaja. Riwaya zinazojadiliwa hapa zina thamani hasa kwa kuwa zinaingia katika ufa huo ulio baina ya hatia na dhima.

Tatizo la mshtakiwa asiye na kosa

Kabla ya kumfikia Wright yafaa kuitazama njia aliyoikataa. Riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird (1960), imesomwa katika shule nyingi duniani, na huenda ndiyo iliyowafunza wasomaji wengi namna ya kuufikiria ubaguzi mahakamani. Mshtakiwa wake, Tom Robinson, hana kosa lolote. Mkono wake wa kushoto umelemaa, na ushahidi wenyewe unaonyesha kwamba hakuweza kutenda analoshtakiwa. Hata hivyo juri, yaani jopo la raia wanaoamua hatia, linampata na hatia kwa sababu ya rangi yake.

Hadithi ya namna hii haikubuniwa hewani. Mwaka 1931, katika jimbo la Alabama, vijana tisa weusi walishtakiwa kwa kuwanajisi wanawake wawili weupe ndani ya gari moshi, na katika muda wa siku chache wanane kati yao walikuwa wamehukumiwa kifo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizitengua hukumu hizo mwaka 1932 kwa kuwa washtakiwa hawakupewa mawakili ipasavyo. Mwaka 1935 iliingilia kati tena kwa kuwa weusi walikuwa wametengwa katika majopo ya juri. Kesi hiyo ya Scottsboro ilithibitisha kwamba asiye na kosa aweza kufikishwa kwenye ukingo wa kaburi kwa rangi yake tu.

Hata hivyo, Tom Robinson anamrahisishia msomaji kazi. Msomaji humhurumia bila gharama yoyote, kwa vile hakuna anachotakiwa kumsamehe. Hatari ya usawiri huu ni kwamba unajenga dhana kuwa haki ni tuzo ya wema: mweusi aliye mpole, mchapa kazi, asiye na doa, ndiye anayestahili kutendewa sawa. Je, yule mwenye doa? Usawa mbele ya sheria haupimwi kwa asiye na kosa. Hupimwa kwa mwenye kosa, maana ndiye ambaye jamii iko tayari kumwacha. Wright alilitambua hilo miaka 20 kabla ya Lee, akamweka kizimbani mtu aliyeua.

Bigger Thomas: maiti mbili, kesi moja

Muhtasari wa riwaya ya Native Son unajulikana. Bigger Thomas, kijana wa miaka 20, anaishi na mama yake, dada yake na mdogo wake katika chumba kimoja upande wa kusini wa jiji la Chicago. Anaajiriwa kuwa dereva wa tajiri mweupe, Bwana Dalton. Usiku wa kwanza wa kazi anamfikisha nyumbani Mary, binti wa tajiri huyo, akiwa amelewa. Mama kipofu wa Mary anapoingia chumbani, Bigger anamziba binti uso kwa mto asije akasema neno, naye anakata roho. Bigger anauchoma mwili katika tanuri la nyumba. Baadaye, akiwa mafichoni, anamuua kwa tofali mpenzi wake mweusi, Bessie Mears, na kumtupa kwenye uwazi wa jengo bovu.

Kwa upande wa mashtaka, Wright anaonyesha kanuni ya samaki mmoja akioza, wote wameoza. Bigger anaposakwa, mtaa mzima wa weusi unapekuliwa nyumba kwa nyumba, vijana wanaofanana naye wanakamatwa, na watu wasiomjua wanapoteza kazi zao. Magazeti yanamsawiri kama mnyama. Jambo hili pia halikubuniwa. Wright alitumia taarifa za magazeti ya Chicago juu ya Robert Nixon, kijana mweusi aliyekamatwa mwaka 1938 na kuuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1939, ambaye waandishi wa habari walimfananisha na mnyama wa porini. Mantiki ya mashtaka ya aina hii inastahili kuangaliwa kwa makini. Mnyama hana dhima. Chui akimla mbuzi, hakuna anayemuuliza sababu, huuawa tu. Kiongozi wa mashtaka, Buckley, anadai Bigger awajibishwe kama mtu huku akimsawiri kama kiumbe asiyeweza kuwajibika.

Kwa upande wa utetezi, wakili Max anamfanya mteja wake akiri kosa, kisha anamwomba jaji ampe kifungo cha maisha badala ya kifo. Hotuba yake ndefu inaifungua historia ya dhuluma iliyomlea Bigger. Ni hotuba yenye ukweli mwingi, na wahakiki wameilaumu kwa urefu na kwa sauti yake ya kisiasa. Lakini kasoro yake kubwa haiko katika urefu. Iko katika nafasi ya Bessie.

Katika uchunguzi wa kifo, maiti ya Bessie inaletwa mbele ya hadhara. Haikuletwa kwa ajili yake. Imeletwa ili ithibitishe ukatili wa mtu aliyemuua Mary. Bigger mwenyewe anaelewa, na riwaya inalieleza wazi wazo lake: ameua wasichana wawili, lakini ataadhibiwa kwa ajili ya mmoja, na yule mwingine ni kielelezo tu cha mahakama. Msomaji hutarajia kwamba mtetezi, anayezungumza kwa niaba ya wanaodhulumiwa, atausahihisha upungufu huo. Max anamtaja Bessie akiwa amekwisha kusema mengi, na anaeleza kwamba amechelewa kumtaja kwa sababu Bessie hakuwa na nafasi kubwa katika fahamu za Bigger. Hivyo basi mashtaka yanamtumia Bessie, na utetezi unampita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika chumba kile cha mahakama hakuna mzigo uliokuwa mwepesi kuliko wa msichana mweusi aliyefanya kazi jikoni kwa wazungu.

Hapa ndipo suala la dhima linapopata uzito wake. Kifo cha Mary kilizaliwa na woga, na woga huo ulipandwa na jamii iliyomfunza Bigger kwamba mweusi akikutwa chumbani kwa msichana mweupe ameshahukumiwa. Katika kifo hicho hoja ya mazingira ina nguvu. Kifo cha Bessie ni tofauti. Bigger alifikiri, akaona kwamba hawezi kwenda naye wala kumwacha nyuma, akaamua. Alimpima Bessie kwa mizani ile ile ambayo mahakama ingekuja kumpimia baadaye, mizani inayomhesabu mwanamke mweusi kuwa si kitu. Mtu anayeusoma ubaguzi kama dhuluma ya mweupe juu ya mweusi peke yake hauoni uovu huu, kwani hapa ubaguzi umeshuka hadi katika mkono wa anayebaguliwa na kutafuta aliye chini zaidi.

James Baldwin, katika insha zake za mwaka 1949 na 1951, alimlaumu Wright kwa kujenga mhusika ambaye ameikubali picha ambayo adui amemchorea, na akaona kwamba riwaya ya maandamano huishia kuithibitisha imani inayoipinga. Lawama hiyo ina uzito, hasa mbele ya hotuba ya Max. Hata hivyo haiitendei haki sehemu ya mwisho ya riwaya. Huko gerezani Bigger anayakataa maelezo ya wakili wake. Kwa mkabala wa udhanaishi, uliokuja kudhihirika zaidi katika kazi za baadaye za Wright, anadai kwamba tendo lake lilikuwa na maana na ni lake. Max anashtuka kusikia hivyo, maana alitaka kumwokoa aliyetendwa, na sasa anakutana na aliyetenda. Ni dai la kutisha, na lina pengo: Bigger anaimiliki nguvu ya kuua bila kuyakabili macho ya Bessie. Dhima yake ni nusu. Lakini nusu hiyo ni zaidi ya kile alichopewa na Buckley na Max kwa pamoja.

Ubaguzi usio na mbaguzi

Dhima katika Native Son si ya mshtakiwa peke yake. Wright anamweka Bwana Dalton kizimbani kwa njia ya pembeni. Akihojiwa na Max, inadhihirika kwamba kampuni yake ndiyo inayomiliki chumba wanamoishi akina Bigger, na kwamba weusi hutozwa kodi kubwa katika eneo wasiloruhusiwa kulivuka. Dalton anajitetea kwa kutaja hali ya soko na desturi ya siku nyingi. Yeye binafsi hana chuki, na amewanunulia vijana weusi meza za mpira. Kejeli ya Wright hapa ni kali. Tajiri anatumia utetezi ule ule wa maskini: mazingira ndiyo yaliyotenda. Tofauti ni kwamba utetezi huo unamfikisha Dalton nyumbani kwake na Bigger kwenye kiti cha umeme.

Sheria ya Marekani imeshindwa kulipatia swali la Dalton jibu. Mfano ulio wazi ni kesi ya McCleskey iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1987. Mshtakiwa mweusi, aliyehukumiwa kifo katika jimbo la Georgia kwa kumuua polisi mweupe, aliwasilisha utafiti wa kesi zaidi ya 2,000 za mauaji katika jimbo hilo. Utafiti ulionyesha kwamba walioshtakiwa kwa kuwaua weupe walikuwa na uwezekano wa kuhukumiwa kifo mara 4.3 ya ule wa walioshtakiwa kwa kuwaua weusi. Mahakama, kwa kura 5 dhidi ya 4, haikujikita katika kuzikanusha takwimu hizo. Ilisema kwamba mshtakiwa alipaswa kuthibitisha kuwa walioamua kesi yake yeye walikusudia kumbagua. McCleskey aliuawa mwaka 1991. Jaji Powell, aliyeandika uamuzi huo, alisema baada ya kustaafu kwamba lau angepata nafasi angebadilisha kura yake.

Msomaji wa Native Son atatambua mara moja kwamba takwimu hizo ni hadithi ya Mary na Bessie kwa lugha ya hesabu. Rangi ya aliyeuawa ndiyo iliyoamua uzito wa kosa. Lakini la kutafakari zaidi ni namna sheria inavyoielewa dhima. Inamtaka mbaguzi mwenye jina na kusudi. Iwapo ubaguzi umo katika mazoea ya watu wengi, kila mmoja akitenda kidogo bila chuki ya dhahiri, basi hakuna wa kulaumiwa. Mshtakiwa anawajibishwa kwa mkono wake. Waliomhukumu hawawajibishwi kwa mikono yao kwa sababu ni mingi. Kwa hiyo anayehubiri uwajibikaji wa mtu binafsi hana budi kuuhubiri hadi juu. Uwajibikaji unaoishia kizimbani na usiofika kwenye meza ya jaji, ya kiongozi wa mashtaka na ya mwenye nyumba si kanuni ya maadili. Ni upendeleo uliovishwa joho.

Katika riwaya ya Wright, mweupe mmoja anaufikia uwajibikaji huo. Jan, mpenzi wa Mary, ambaye Bigger alijaribu kumsingizia, anamtembelea gerezani na kukiri kwamba alikuwa kipofu. Hamwambii Bigger kwamba hana kosa. Anaubeba mzigo wake na kumwachia Bigger wa kwake. Si ajabu kwamba katika maneno yake ya mwisho kwa Max, Bigger anatuma salamu kwa Jan, akilitaja jina lake bila cheo, kama mtu amtajavyo mwenzake.

Jefferson: utetezi unaoua

Gaines analichukua tatizo hili na kulipindua. A Lesson Before Dying imewekwa Louisiana mwishoni mwa miaka ya 1940. Jefferson, kijana mweusi, yumo dukani wakati vijana wawili aliofuatana nao na mwenye duka wanapopigana risasi na kufa wote watatu. Kwa kiwewe anakunywa pombe na kuchukua pesa, na hapo ndipo anapokamatwa. Juri ni ya wanaume 12 weupe. Wakili wake, akitaka kumwokoa, anaiambia mahakama kwamba kiumbe huyu hana akili ya kupanga mauaji, na kwamba kumweka kwenye kiti cha umeme ni sawa na kumweka nguruwe.

Tusi hilo linatoka katika kinywa cha mtetezi, wala si cha mshtaki. Hapa Gaines amelifikisha kwenye kilele chake jambo ambalo kwa Max lilikuwa limefichika katika ufasaha. Utetezi unaosema mteja hana uwezo wa kuwa na hatia kwa kuwa hana uwezo wa kuwa mtu ni ubaguzi uliovaa huruma. Isitoshe, haumwokoi. Jefferson anahukumiwa kifo, na anarudi gerezani akiwa ameliamini neno la wakili wake: anapoletewa chakula, anainama na kukila kama nguruwe. Hatia imeuhukumu mwili, na utetezi umeihukumu nafsi.

Mama yake wa ubatizo, Bi. Emma, haombi Jefferson afunguliwe. Anajua mahali anapoishi. Anaomba afe akiwa mtu. Kazi hiyo anapewa mwalimu Grant Wiggins, ambaye hakuhudhuria hata kesi yenyewe na ambaye hamu yake kubwa ni kuondoka. Dhima anayomfundisha Jefferson hatimaye haihusu mauaji, kwa kuwa hakuua. Inahusu kile alichobakiwa nacho: namna atakavyosimama, na atakavyomjibu kikongwe aliyemlea. Shajara anayoiandika Jefferson gerezani, kwa tahajia yake mwenyewe isiyofuata kanuni, ni hati ya pekee katika riwaya yote ambamo mshtakiwa anajieleza bila mwakilishi. Kimtindo, hapo ndipo Gaines anapompita Wright. Wright anampa wakili kurasa nyingi na mshtakiwa sentensi chache za mwisho. Gaines anampa wakili kurasa chache na mshtakiwa sura nzima.

Hata hivyo, hapana budi kulitaja la kutilia shaka. Riwaya ya Gaines haijishughulishi na rufani, wala haiutikisi mfumo uliomhukumu Jefferson. Kiti cha umeme kinaletwa kwa lori, kinafanya kazi yake, na kinarudi. Kifo cha heshima chaweza kuwa faraja kwa walio hai na nafuu kwa dola, kwa vile anayekufa vizuri hamsumbui aliyemuua. Wright, pamoja na kasoro zake, hamwachi msomaji apate nafuu hiyo. Kwa hiyo riwaya hizi mbili zinahitajiana: moja inaidai dola deni lake, nyingine inamrudishia mshtakiwa sauti yake.

Hitimisho

Msomaji wa Kenya ana sababu yake ya kulifuatilia suala hili. Chini ya ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa mbele ya juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga. Katika miaka ya Hali ya Hatari, Waafrika 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi (1976), iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, inampa mshtakiwa msimamo ambao Bigger hakuufikia. Kimathi wa tamthilia hiyo anaikataa mahakama, ila hayakatai matendo yake. Anaipinga hatia na kuishika dhima. Ni kweli kwamba Kimathi ana vita na umma nyuma yake, ilhali Bigger ana woga na upweke. Lakini tofauti hiyo inafafanua kwa nini dhima ni rahisi kuibeba pale ambapo kuna jamii inayomtambua mtendaji kuwa wake.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuuliza iwapo lawama ni ya mfumo au ya mtu ni kuuliza vibaya. Deni la mfumo halilipwi kwa kumfanya mtu kuwa nguruwe asiye na akili, na dhima ya mtu haifuti hata senti moja ya deni la mfumo. Kila moja ina daftari lake. Mhakiki atakayeendelea na uchunguzi huu afanye vyema kuanzia pale ambapo mahakama ya Wright ilifunga faili, yaani kwa Bessie. Mashtaka yalimhitaji akiwa maiti, utetezi ulimkumbuka kwa kuchelewa, naye aliyemuua hakumjibu. Riwaya itakayompa Bessie kesi yake mwenyewe ndiyo itakayokuwa imelijibu swali la rangi na la dhima kwa pamoja.